Rangi Nyekundu kwa Mama Naigaga

Haya, kaeni. Wiki ya tatu sasa mnaniuliza kwa nini nilirudi kutoka Mbale nimenuna, na kwa nini Afande Mafabi akisikia kengele ya baisikeli anageuza uso. Nitasimulia mara moja tu. Atakayenikatiza atanunua chai ya wote.

Hali yangu mnaijua. Mimi ni fundi wa baisikeli, na baba yangu alikuwa fundi wa baisikeli hapa hapa Jinja. Kibanda chetu kilikaa kando ya barabara ile mpaka siku walipokuja watu wenye makoti ya kung'aa wakakichora X nyekundu ubavuni. Hawakusalimia, hawakueleza. Wiki ya tatu likaja tingatinga. Tangu siku hiyo nafanyia kazi chini ya paa la watu, na mwenye paa akiamka vibaya mimi nahama.

Sasa yule mama mwenye gesti karibu na mto akaniita. Alisema wageni wake wanataka kwenda kwa baisikeli kutoka Jinja mpaka Mbale bila kukutana na gari hata moja. Wanataka vumbi, mto, miti na mashamba, basi. Atakayeipata njia hiyo na kuiwekea alama ndiye atakayewaongoza kila msimu. Jamani, nina miaka hamsini na tatu. Nilitoka pale nikitembea kama bwana harusi.

Jinja mpaka Budondo

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, mimi na Afande Mafabi. Kwa wasiomjua, huyu ni askari magereza mstaafu, Mgisu wa upande wa Mbale aliyezeekea kwetu Jinja. Mshahara aliuacha kazini lakini buti na suruali ya kaki alitoka navyo. Baisikeli yake ni ile nyeusi ya chuma, nzito kama mlango wa mahabusu. Hakualikwa. Alisema tu kwamba fundi akienda peke yake atapotea, akapanda.

Mimi nilivaa helmeti na koti la kung'aa nililopewa na mama wa gesti ili nionekane. Nyuma nilifunga debe la rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kazi ya kupaka fremu. Rangi yenyewe ilikuwa nyekundu. Hapo hapo mngenizaba makofi.

Njia ya kando ya mto ni nzuri, siwezi kusema uongo. Udongo mwekundu umeshikana vizuri, mibuni huku na migomba huku, na chini kabisa Nile imetulia. Baba alikuwa akituambia kwamba zamani maporomoko yalisikika kabla hujayaona. Leo bwawa limeyameza. Tulisimama kusikiliza, hakuna kitu.

"Maji nanyamaza," Afande akasema kwa kile Kiswahili cha huku ambacho kila mtu na kila kitu ni 'na'. "Kama mfungwa mpya."

Budondo tulikula kikomando, chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage, na nilikula sahani mbili. Mama chapati alinitazama koti, akamtazama Afande buti, akauliza, "Nyinyi watu ya bwawa ama watu ya balabala?"

Nikacheka. "Watu wa baisikeli, mama."

Yeye hakucheka. Waliokuwa wamekaa pale wakanyanyuka mmoja mmoja wakaenda zao, tukabaki na benchi lote. Mimi nikafurahi nimepata pa kunyoosha miguu.

Ndani ya miwa

Kutoka hapo kila njiapanda nilishuka na brashi. Njia yetu nilipiga mshale, njia ya kupoteza nilipiga X. Kwenye miti, kwenye mawe, hata kwenye kichuguu kimoja. Afande alikuwa akilalamika. "Fundi, hii rangi yako nachelewesha safari."

Baba alinisimulia msitu. Alisema upande ule kulikuwa na msitu ambao mtu aliingia saa nne akatoka saa nane bila kuchomwa na jua. Nilimwahidi mama wa gesti msitu huo kwa kinywa changu mwenyewe. Basi tulifika mahali pa msitu, tukakuta miwa. Miwa kulia, miwa kushoto, miwa mpaka macho yanauma. Na penye miwa pana matrekta yanayovuta matela, na dereva wa tela hatazami mtu wa baisikeli. Mara mbili tuliruka mtaroni. Mara ya pili niliangukia mkono, nikakaa mle chini nikisema moyoni, Swaleh, umri huu wote, na hii ndiyo riziki yako?

Tulizunguka humo saa tatu nzima. Saa tisa ndipo tukapata kijia cha miguu kilichopita katikati ya mihogo, hakuna trekta, hakuna kelele, na kikatufikisha kwenye njiapanda. Kushoto kijia kilirudi kwenye matela. Kulia kilikwenda vizuri kuelekea Kaliro. Na katikati ya njiapanda, badala ya mti, palikuwa na nyumba ya udongo iliyoezekwa mabati.

Mwenye nyumba alikuwa nje akimenya karanga. Mama wa makamo, mwembamba, jina lake Mama Naigaga. Alipotuona akaruka, karanga zikamwagika, akapiga magoti kama wanawake wa Kisoga wanavyosalimia. Afande akamsalimia Kiswahili. Mimi nikaongeza kwa Kisoga, maana Kisoga nimezaliwa nacho. Akanijibu kwa Kiswahili, basi nami nikaendelea nacho.

"Mama, naomba niweke alama kwenye ukuta huu."

"Ndiyo bwana."

"Haitaharibu kitu chochote."

"Ndiyo bwana."

Nikapiga X pembe ya kushoto ya nyumba, kubwa kama sinia, ili hata Mzungu aliyechoka aione. Mama Naigaga akaitazama mpaka nikamaliza.

"Nakuja lini?" akauliza. Mimi mawazo yote yako kwa wageni.

"Mwezi ujao, inshallah."

"Napita hapa?"

"Hapa hapa, mama. Mlangoni kwako kabisa."

Akaingia ndani akatuletea viazi vitamu na zile karanga, sahani imejaa, na maji ya kunawa. Yeye mwenyewe hakula. Nikamwambia Afande, hawa ndio watu, si kama nyinyi wa mjini. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi lililosakafiwa. Afande akavua kofia.

"Bwana yangu," mama akasema.

Tukampa pole, tukapanda, tukaenda. Nilipogeuka bado alikuwa amepiga magoti njiani, uso ameuelekeza ukutani. Niliona adabu. Wallahi, niliona adabu tu.

Mpologoma

Siku ya pili nitaipitisha haraka, maana kilichonikera siku ile leo nakiona kitu cha kuchekesha. Mto Mpologoma huo si mto, ni matete na mafunjo, na maji meusi yasiyojua yanakwenda wapi. Mwenye mtumbwi, mtu mfupi mwenye domo, alikubali baisikeli yangu akaikataa ya Afande.

"Hii chuma nazamisha mimi," akasema.

"Basi mimi napanda, baisikeli nabaki," Afande akajibu.

"Wewe pia nazamisha mimi."

Wakabishana saa nzima. Mwisho tulivuka mara tatu: mimi na baisikeli yangu, kisha ile ya Afande, kisha Afande peke yake, amefumba macho na kushika kingo kwa mikono miwili, mtu aliyelinda wauaji miaka thelathini. Ng'ambo ya pili alibusu ardhi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na sijacheka hivyo tena.

Tulilala Budaka. Asubuhi mlima ukajitokeza, na njia kutoka hapo ilikuwa ya mchanga laini, mpunga na mihogo, bila gari hata moja. Nilihesabu saa nne nzima sikusikia injini. Nikaanza kuimba. Nilishapata njia! Nilishaona kibanda kipya, cha matofali safari hii, na jina la baba juu ya mlango.

Mbale

Dada yangu Rehema ameolewa Nabuyonga. Alitupikia malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa, kwa mchuzi wa karanga, na Afande alipoonja akaomba sahani ya pili, maana ndicho chakula cha mama yake. Tukala, tukalala, na kesho yake ilikuwa Ijumaa nikaenda msikitini.

Wakati wa kurudi nikapita nyuma ya nyumba ya Rehema, nikakuta jirani yake yuko juu ya paa anang'oa mabati. Mkewe chini anayapokea na kuyapanga. Mlango ulishang'olewa, madirisha yalishang'olewa. Nikamuuliza dada, hawa wanahama?

"Wanavunjiwa," akasema. "Barabara inapanuliwa. Wanaokoa mabati kabla tingatinga halijaja, maana likija halingoji mtu. Hujaona ukutani?"

Nikatazama ukutani. X nyekundu, kubwa kama sinia.

Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi niliumwa na nyoka, halafu nikauokota ung'ongo kwa mkono wangu nikaenda kuutupa mlangoni kwa mjane. Koti la kung'aa mwilini, askari ubavuni, Kiswahili mdomoni, ambacho kijijini ni lugha ya askari na serikali, na rangi nyekundu mkononi. Nakuja lini? Mwezi ujao. Napita hapa? Hapa hapa. Ewe Mola, mimi ndiye niliyejibu vile!

Afande alikuwa kibarazani anang'arisha buti. Nilipomweleza akaacha kitambaa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Fundi, funga mizigo."

Kurudi

Mvua ilianza kabla hatujafika Budaka, na haikuwa mvua ya kupita. Ule mchanga laini niliouimbia ukageuka uji. Matairi yalijaa tope mpaka hayazunguki, tukabeba baisikeli mabegani. Afande, mzee wa miaka sitini na kitu, alibeba lile chuma lake bila neno. Mimi ndiye niliyekuwa naongea, naongea peke yangu kama mwendawazimu. Labda hajaelewa hivyo. Labda amemuuliza mtu. Labda hana ngazi ya kupandia.

Mpologoma ulikuwa umefura. Mwenye mtumbwi akatikisa kichwa. Nikamsihi, nikamshika mkono, nikamwambia kuna nyumba ya mtu inaharibika.

"Na mtumbwi ikiharibika pia, hiyo nyumba napona?" akaniuliza.

Alikuwa na haki. Tulikaa kwenye kibanda chake siku nzima na usiku wake, tukila mihogo ya kuchemsha, na mvua inapiga mabati juu yetu. Kila tone nililisikia. Nyumba ya udongo yenye paa inastahimili mvua miaka na miaka. Bila paa, siku mbili zinaitosha.

Njiapanda

Tulifika Jumatatu mchana, jua limetoka. Kwanza nilidhani tumepotea njia, maana sikuona nyumba. Kisha nikaona mabati yamepangwa vizuri chini ya migomba, yamefungwa kamba, na mlango umelala juu yake. Kuta tatu zilikuwa zimeanguka zikawa rundo la tope. Pembe ya kushoto ilikuwa imesimama bado. Rangi ya mafuta haiogopi mvua.

Jirani mmoja akapita na pikipiki yake anaisukuma. Akasimama. "Nyinyi ndio mlipita na rangi? Mama yule aliezua nyumba jioni ile ile. Alisema serikali safari hii imekuwa nzuri, imempa mwezi mzima."

Mama Naigaga akatoka kwenye jiko lake la nje, kibanda kidogo cha nyasi alimokuwa amehamia na masufuria na godoro lake. Godoro lilikuwa limeloa. Akatuona, akapiga magoti kwenye matope.

"Afande, nyumba mimi nimetoa," akasema. "Lakini kaburi ya bwana sina nguvu ya kuhamisha. Naomba tingatinga ipite upande ile. Mimi nimekata mihogo upande ile, njia nakuwa wazi."

Nikageuka kutazama. Kweli, shamba lote la kushoto lilikuwa chini, mihogo michanga ambayo haikufika hata nusu ya kukomaa, imefyekwa na kulundikwa pembeni. Nikapiga magoti na mimi. Nikamwambia kwa Kisoga, taratibu, kila neno. Kwamba hakuna tingatinga. Kwamba mimi ni fundi wa baisikeli tu, jina langu Swaleh. Kwamba ile ni alama ya wageni wasipotee. Kwamba nilikosea, na nyumba yake nitaisimamisha mimi mwenyewe.

"Ndiyo bwana," akasema kwa Kiswahili.

"Mama, umenielewa?"

"Ndiyo bwana."

"Basi kaburi halitaguswa, wala nyumba."

"Ndiyo bwana. Nasema asante. Lakini ikipita upande ile, ni vizuri."

Nikamtazama Afande anisaidie. Alikuwa amekaa juu ya jiwe nililolichora mshale siku ile, kofia mkononi, machozi yanamtoka waziwazi mbele ya watu. "Hiyo 'ndiyo' mimi najua," akasema. "Nimeisikia gerezani miaka thelathini. Ndani yake hakuna kitu."

Tulikaa pale siku nne. Nilimtafutia miti, jirani akatusaidia kukanda udongo, tukasimamisha chumba kimoja badala ya viwili, tukapandisha mabati. X niliikwangua kwa patasi mpaka ukuta ukaingia ndani. Siku zote nne Mama Naigaga alitupikia na kutunawisha mikono, na hakuingia kwenye kile chumba hata mara moja. Kisha tukarudi Jinja, na njiani kila mshale niliufuta, kila X niliikwangua. Mama wa gesti nilimwambia sikupata njia. Alinitazama kwa huruma, akasema basi atatafuta mtu mwingine. Mlango wa riziki ndio huo, umefungwa, na komeo nimelitia mwenyewe.

Kwa hiyo mkiniuliza njia ya kwenda Mbale bila magari ipo au haipo, ipo. Ni nzuri kuliko nilivyowaambia. Sitamwonyesha mtu.

Jumapili iliyopita nilikwenda tena kwake, peke yangu. Helmeti niliiacha, koti la kung'aa nilishalichoma. Nilivaa kanzu na kofia, nikabeba misumari na vipando vya mihogo, nikasema leo ataniona mimi ni Swaleh tu, mtu wa kawaida, mtoto wa watu. Nilipotokeza njiapanda nikaona miti ya paa iko wazi juani. Mabati yamerudi chini ya migomba, yamefungwa kamba ile ile.

Akatoka jikoni, akafuta mikono, akapiga magoti.

"Karibu afande," akasema. "Ni leo?"